Mama, Wamekunukuu Tena

Mpendwa Mama,

Wamekunukuu tena. Safari hii ni watu wa nchi ya baridi, nchi ambayo wewe ungeuliza kwanza kama wanapanda muhogo. Simu ilitetemeka, nikadhani ni shemeji ananitafuta, kumbe ni ule ujumbe wa mashine: makala yako imenukuliwa. Nikafungua. Ndani kabisa, katikati ya sentensi iliyobeba mambo mengine mengi, wamesema kwamba malale huweza kumrudia mtu aliyekwisha kutibiwa, na pembeni wameweka jina langu, maneno "na wenzake", na mwaka. Wewe hutajwi. Lakini mgonjwa wanayemsema ni wewe, na katika wote watakaoisoma sentensi ile, ni mimi tu nitakayesikia harufu ya simsim uliyokuwa unakaanga.

Nakuandikia kutoka hospitalini hapa Arua, nimekaa kwenye benchi nje ya wodi. Ndani amelala Kiden, kitindamimba wako. Ana malale, Mama. Ugonjwa uleule. Nimeshalisema, sasa niache nifike huko polepole, maana nikianza na hilo sitaandika neno la pili.

Unakumbuka ulivyonicheka niliporudi kutoka masomoni Dar es Salaam? Baba alikuwa Mkakwa wa Koboko na askari, wewe Mlugbara wa Vurra, na lugha mliyokutana nayo ilikuwa Kiswahili cha kambini. Ndicho mlichotulea nacho, ndicho mlichogombana nacho. Mimi nikarudi na ngeli zote mdomoni. Ulinisikiliza nikisalimia wageni, ukacheka mpaka ukashika ukuta. "Hii Kiswahili yako iko navaa tai," ukasema. Tangu siku hiyo kila nikikosea kufua shati au kuchota maji, ulinikumbusha kwamba tai haichoti maji.

Ukaniona pia na makala yangu ya kwanza. Ilikuwa juu ya mbung'o, yule inzi anayeleta malale, na vile vitambaa vya buluu vyenye dawa tulivyovisimika kando ya mto ili kumuua. Wewe ndiye uliyevipinda kwa cherehani yako. Havikumaliza hata wiki mbili tukaona watoto wa jirani wamevaa kaptula za buluu. Mimi nilitaka kwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Wewe ulipita nyumba kwa nyumba, ukiwaambia akina mama kwamba kaptula ile ina dawa ya wadudu na mtoto ataota vipele pabaya, na jioni vitambaa vikarudi vimekunjwa vizuri, vingine vimefuliwa na dawa yote imekwisha.

Makala ilipotoka nilikuletea nakala Koboko. Uliigeuza, ukatafuta picha, hukuona.

"Sasa hii nakupa nini?"

Nikakueleza kwamba inanipa kunukuliwa.

"Kunukuliwa iko nini?"

"Ni mtu wa mbali, hatujuani, anaandika kazi yake na kusema: fulani alishasema hivi."

Ukafikiri kidogo, mwiko mkononi. "Kama kwa matanga, mutu nasimama, nasema mimi nilijua huyu?"

"Karibu hivyo, Mama."

"Na hapana leta hata sabuni?"

Nikakuambia haleti hata sabuni. Ukarudi kusonga enyasa yako, ule ugali wetu wa muhogo, ukinihurumia. Hata hivyo kesho yake ulikwenda sokoni kutangaza kwamba kijana wako anatajwa Ulaya. Jirani yetu mmoja akaja mbio nyumbani, khanga mkononi, anauliza nimefanya kosa gani na kama nina mahali pa kwenda. Kwa familia za askari wa Koboko, tangu serikali yao ilipopinduliwa, mtu akitajwa watoto hufungiwa mizigo na kuvushwa mpaka. Ilibidi umkalishe, umpe chai ya tangawizi, umweleze kwamba kutajwa huku ni kwa heri. Alikunywa chai lakini hakuamini.

Halafu ukaugua. Ulianza kusinzia ukitwanga, mchi mkononi, na usiku ukawa unazunguka ua kama mlinzi. Ukatibiwa, ukapona, ukarudi shambani, ukaanza kunisema tena kwa nini sioi. Mwaka haukuisha vizuri, ugonjwa ukarudi. Jambo hilo lilikuwa la kushangaza kitabibu, ndivyo tunavyosema sisi wa maabara tukiona balaa ambalo bado hatujalielewa. Nilikuuliza kama naweza kuliandika. Ulikuwa umekaa mkekani, jua limekupiga miguuni, na siku hiyo akili yako ilikuwa imetulia.

"Andika," ulisema. "Kama hii gonjwa narudi kwa mutu mwingine, wajue."

Ukachovya gumba kwenye wino, ukabonyeza kwenye fomu ya ridhaa, kisha ukalifuta kwenye leso yangu nyeupe bila kuniomba. Leso hiyo sijaifua.

Ulipofariki niliiandika. Niliandika kama tulivyofundishwa: mwanamke wa makamo, mkulima, kutoka kaskazini-magharibi mwa Uganda. Niliandika tezi za shingo yako, maji ya uti wa mgongo wako, mikono yako ilivyotetemeka. Sikuandika kwamba uliimba kanisani kwa sauti ya pili na kwamba Baba, Mwislamu mzima, alikuwa anakusubiri nje ya kanisa ukimaliza ili mrudi pamoja. Hakuna mhakiki aliyeuliza.

Sasa nikueleze jinsi tunavyohesabiwa, kwa sababu ndilo linalonimaliza. Mtafiti ana orodha ya machapisho yake. Mimi yangu si mbaya. Nikiichapisha inajaza karatasi. Ila hakuna anayejali urefu wa orodha. Wanaangalia ni wangapi wamemnukuu, wanapiga hesabu yao, inatoka namba moja, na namba hiyo ndiyo yeye. Yangu ni ndogo, Mama. Za mbung'o zinanukuliwa mara mojamoja, na mara nyingine anayezinukuu ni mimi mwenyewe. Ile ya kaptula za buluu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kazi bora niliyowahi kufanya, imelala kimya miaka yote. Inayotembea ni yako. Wewe ndiye unayenibeba mgongoni hadi leo, na mvi hizi nilizo nazo.

Na malale yamepungua. Nasema hili kwa furaha na kwa uchungu, vyote pamoja. Tulipima watu kijiji kwa kijiji, tukatibu, tukaua mbung'o, mpaka wakubwa wakatangaza kwamba si tatizo tena katika nchi hii. Palipigwa ngoma, palikuwa na keki. Baada ya keki, vipimo vya haraka vikaacha kuletwa. Wodi ikapewa kazi nyingine. Na majarida nayo yakageuza uso, kwa sababu nani atanukuu makala ya ugonjwa uliokwisha? Kazi yetu ilipofanikiwa, ndipo tulipoonekana hatuna faida.

Profesa, mama anayeongoza mradi wetu kutoka Kampala, alikuja mapema mwaka huu. Ni mtu mwema, nisimsingizie. Alikaa kwenye maabara yetu pale Arua Hill, ile nyumba ya kikoloni yenye veranda unayoijua, akafungua kompyuta yake na kunionyesha mstari uliokuwa unapanda kisha ukalala.

"Namba yako imesimama," akasema.

"Wagonjwa wamesimama, Profesa. Ndiyo maana."

"Wafadhili hawasomi hivyo, daktari. Wanataka kitu kipya. Bila kitu kipya, mwisho wa mwaka tunafunga hapa."

Kitu kipya! Nilitoka nje nikasimama verandani, naangalia mabati ya Arua chini yangu na barabara inayokwenda Koboko, nikawaza: tukifunga hapa, mtu wa kwanza atakayesinzia akitwanga, nani atamjua? Watampa dawa ya malaria, na tena, na tena, mpaka wamzike. Nilikasirika, nikarudi nyumbani Awindiri kwa miguu, nikamjibu vibaya mke wangu aliyeniuliza tu kama nitakula. Sikujua kwamba huyo mtu wa kwanza tayari yuko, na kwamba jina lake nimekuwa nikiliita kwa mkato tangu alipokuwa akitambaa.

Shemeji yetu Rashidi ndiye aliyepiga simu. Unamkumbuka, yule kijana mpole aliyekuja kumposa Kiden akashindwa kuongea mpaka ukamwonea huruma ukamwongelea mwenyewe.

"Shemeji, dada yako iko nalala sana," akasema. "Mchana nalala. Sokoni nalala. Usiku yeye natembea, naongea na mutu mimi hapana ona. Tumetibu malaria, inaisha, inarudi."

"Shingo yake, Rashidi. Nyuma ya shingo. Mshike hapo sasa hivi uniambie."

Alikwenda, nikasikia Kiden akimtukana, kisha akarudi kwenye simu.

"Iko kama maharagwe," akasema.

Nilichukua pikipiki ya mradi nikaenda Koboko. Nilimkuta sokoni kwenye meza yake ya unga wa muhogo. Amelala amekaa, mkono wa kulia umezama kwenye beseni la unga hadi kwenye kiwiko, na wateja wake wanajipimia wenyewe na kumwekea pesa chini ya kikombe, kwa sababu watu wa soko lile wanampenda. Nikamwita. Alifumbua macho, akaniangalia muda mrefu, kisha akaniita kwa jina la Baba.

Miezi yote hiyo alikuwa akivuka na wenzake kwenda upande wa Sudani Kusini kununua muhogo mkavu, wanalala njiani, wanachota maji kwenye vijito vyenye vichaka. Mama mkwe wake alinieleza hayo yote, tena kwa hasira, kwamba mkwe ni mvivu, kwamba mke wa kulala mchana alikuwa hajamwona tangu azaliwe. Aliponisikia nikimwambia Kiden kwamba lazima twende Arua, akasema kando, "Sikio ya kufa hapana sikia dawa." Mama, sijawahi kumwinulia sauti mzee wa watu. Siku hiyo nilimwinulia. Rashidi alinishika bega akanitoa nje.

Tukampeleka Arua. Na hapo nikakwama, mimi mtaalamu wa malale, kwenye kitu ambacho unakijua vizuri kuliko mimi. Vipimo vya haraka vilivyobaki kwenye kabati vilikuwa vimepitwa na muda. Ilibaki sindano: ya tezi, halafu ya uti wa mgongo. Rashidi akakataa. Si kwa ubishi. Alikunja mikono yake mbele yangu kama mtu aliye msikitini.

"Shemeji, mgongo ya mutoto ya watu mimi hapana gusisha sindano, mjomba bado kuja. Kesho ikiwa mubaya, nitasema nini kwa watu ya Vurra?"

Ningeweza kumpuuza. Nina shahada, nina koti jeupe, na mgonjwa ni dada yangu. Lakini nilikumbuka miaka ile ya kupima vijiji, watu walivyokuwa wanaruka madirisha wakisikia sindano ya mgongo, na wewe ulivyotuambia kwamba kwa watu wako mtoto ana mwenyewe upande wa mama, kwa hiyo tumlete mjomba atangulie kumbariki. Tulipoanza kuleta wajomba, watu walikuja wenyewe. Nisingeweza kuwawekea watoto wa wengine utaratibu huo, halafu kwa wa kwetu niuruke. Nikampigia simu Mjomba Ondoma.

Ndugu yako hajabadilika. Alikuwa ametoka ng'ambo ya mpaka, Aru, amepakia mbao, na lori lake lilikuwa limezuiliwa forodhani Vurra kwa karatasi moja iliyokosa muhuri. Nilimwambia aliache lori. Akaniambia niyaambie hayo malale yangoje. Nilimpigia tena na tena, mara nabembeleza, mara natukana, mara nalia, mtu mzima na ndevu zangu, nimesimama kwenye korido watu wanapita na ndoo. Kila saa iliyopita nilijua vimelea vya malale vinafanya nini ndani ya kichwa cha Kiden. Nimeichora hatua hiyo kwa rangi, nimeifundisha. Mfa maji haachi kutapatapa, na mimi nilitapatapa mpaka betri ikaisha.

Alifika siku iliyofuata kwa bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope, lori ameliacha palepale. Hakunisalimia. Aliingia wodini, akakaa kando ya Kiden, akamshika mguu, akaangalia uso wake muda mrefu. Kiden anafanana nawe, unajua. Akakohoa, akageukia ukutani.

Akanitoa nje.

"Wewe," akasema, "ile dada yangu uliandika. Iko wapi sasa?"

"Iko kwenye jarida, Mjomba. Watu wanaisoma."

"Watu ya mbali najua namna alikufa. Mutoto ya jirani alisoma kwa simu yake, akatuambia sisi mpaka alikuwa nakojoa kwa nguo. Namna alikuwa napika, namna alikuwa nacheka, hakuna anajua. Hii nayo utaandika?"

Nilimweleza ukweli: kwamba maabara inafungwa, kwamba akina mama wanaovuka na Kiden wanaweza kuwa nao, kwamba makala mpya ndiyo peke yake itakayowafanya wakubwa wageuke tena. Alisikiliza akichora chini kwa kidole cha mguu.

"Sikiliza, mutoto ya dada yangu. Akipona, andika. Andika hata kitabu. Mutu ya kufa, tena hapana. Dada yangu inatosha."

Nikasema ndiyo, Mjomba. Nikampa mkono wangu, na mkono kwa mjomba si mchezo, hilo halihitaji kufundishwa mtu wa kwetu. Akaomba maji. Akanywa funda, akamtemea Kiden kifuani na kwenye mgongo, akamwita kwa majina yake yote, akawaita na wazee wenu wa Vurra mmoja mmoja. Rashidi akasema amina. Daktari wa zamu akaingia na sindano.

Maji ya mgongo nilikwenda nayo maabara mwenyewe, nimeyashika kifuani. Nilikaa kwenye hadubini nikaomba, kwanza kwa namna yako, kisha kwa namna ya Baba. Nikaweka jicho. Walikuwepo, Mama. Wengi. Wanajipinda na kukimbizana kama samaki wadogo kwenye dimbwi linalokauka. Nimewaangalia viumbe hao nusu ya maisha yangu na siku zote nilikuwa nawaona wazuri kidogo. Niliinua kichwa nikaizima taa ya hadubini.

Nikampigia Profesa, kwa sababu dawa ya hatua hii haipatikani hapa, ni yeye tu angeweza kuitoa Kampala haraka. Nikamwambia nimeona vimelea, hatua ya pili, mwanamke kutoka Koboko.

"Hongera!" akapaza sauti. "Hongera sana, daktari! Unajua hii ni nini? Mgonjwa wa kwanza baada ya miaka yote hii! Hii kila mtu atainukuu."

Niliiondoa simu sikioni.

"Haloo? Upo? Ni mgonjwa wa nani?"

"Ni dada yangu, Profesa. Tumbo moja."

Akalia, Mama, nilimsikia kabisa. Akaniomba radhi, nikamwambia hakuna neno. Dawa ilisafiri siku hiyohiyo na ikafika. Juzi walianza kumtundikia. Kwa hilo sitamsahau mama yule maisha yangu yote.

Lakini simu yake ya jana ndiyo iliyonivunja. Wafadhili wanakutana wiki hii. Akaniambia kwa upole, kama mtu anayemwamsha mtoto, kwamba nikimtumia ripoti fupi kabla ya mkutano, maabara haitafungwa. Jarida liko tayari kuipokea. Jina langu litakuwa la kwanza. Namba yangu itaamka.

Niliandika. Nilikaa hapahapa kwenye benchi na kompyuta mapajani. Mwanamke, mfanyabiashara wa soko, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Vidole vilijua njia vyenyewe. Mambo yote yaliingia mahali pake: usingizi, tezi, mikono, maji ya mgongo, dawa. Ikabaki sentensi ya mwisho, ile inayosema mgonjwa alifikia wapi. Nikampigia Profesa, nikamwambia siijui.

"Andika kwamba anaendelea na tiba," akasema. "Si uongo. Inatosha kabisa."

Si uongo. Inatosha. Maneno hayo machache yangetosha kuwasha taa za Arua Hill, kuleta vipimo vipya, kuwapima wale akina mama wa muhogo ambao sasa hivi, ninapoandika, huenda mmoja wao amesinzia mezani kwake. Nilikaa nimeyaangalia. Mjomba alikuwa amelala kwenye nyasi kule nje, kofia usoni, lori lake bado liko Vurra. Nilimpa mkono wangu. Na Kiden akifa kesho, "anaendelea na tiba" itabaki pale milele, na huko mbali wataninukuu, wataninukuu, wataninukuu, na mimi simu yangu itatetemeka kwa ajili ya wanawake wawili wa nyumba moja. Siwezi. Nimeifunga kompyuta. Sijui kama nimefanya haki au nimewaua watu wa soko zima kwa ajili ya neno nililompa mzee mmoja. Sijui, Mama. Sina wa kumuuliza. Ungekuwepo ungenicheka kwanza, halafu ungenijibu.

Sasa hakuna mlango mwingine uliobaki. Akipona, nitaiandika sentensi yangu, hata kama wafadhili wamekwishaondoka nitawafuata kwa miguu. Asipopona, sitakuwa na dada, wala maabara, wala haja ya kunukuliwa na mtu. Daktari anasema tungoje. Nimewaambia ndugu za watu wengi neno hilo, wala sikujua lina uzito huu.

Nimetoka ndani sasa hivi. Hiyo ndiyo sababu hasa ya kukuandikia. Kiden alifumbua macho, dripu ikiwa inashuka taratibu, na kwa mara ya kwanza tangu tumlete alitabasamu. Hakunitabasamia mimi. Alikuwa anatazama mlangoni.

"Mama iko," akasema. "Kaka, ambia yeye naingia."

Najua ni nini. Wagonjwa wa hatua hii huona wasiokuwepo. Nimeliandika hilo mwenyewe na watu wamelinukuu. Niligeuka hata hivyo. Mlango ulikuwa wazi, sakafu imetoka kupigwa deki, hapakuwa na mtu. Nyuma yangu Kiden akainua mkono, ule usio na sindano, akaunyoosha kuelekea pale, vidole vikitetemeka, kama anavyofanya mtoto anayetaka kubebwa.

Mama, tangu uondoke hakuna siku ambayo sikutaka urudi. Nimekutafuta katika kila makala iliyokutaja, nimesoma mambo yasiyonihusu ili tu nifike kwenye ule mstari mmoja wenye wewe. Leo nakuomba kwa mara ya kwanza kitu kingine. Kama ni wewe uliyesimama mlangoni pale, usiingie. Usiushike mkono wake. Ninakupenda, mama yangu, na ninakusihi: geuka, uende zako, hata akikuita usiitike.

Ni mimi,
kaka yake Kiden